Daktari Kasmiri na Jina la Homa

Daktari Kasmiri alizaliwa Karagwe, lakini kazi ikamleta Nachingwea mwaka 1976, na hakuondoka tena. Alikuwa mtu mpole, wa kumsikiliza mgonjwa mpaka amalize, hata kama foleni imefika uani.

Kiangazi cha pili tangu afike, akaanza kupokea wagonjwa wa homa isiyosikia klorokwini, dawa ya malaria. Wote walikuwa na tezi kubwa kwapani, na wote walitoka Nakiwale, kijiji kidogo upande wa Malolo. Wa kwanza alikuwa Goreti, binti wa Felomena. Daktari hakutaka kukaa ofisini akikisia. Akapanda Landrova mpaka kijijini, akawakuta watu wakichimbua panya wa kitoweo kwenye mashamba yaliyochomwa moto. Ndani ya manyoya ya wale panya mlikuwa na kupe wadogo mno. Akachukua kupe, akachukua damu ya wagonjwa, akapeleka Dar es Salaam. Huku akisubiri majibu, alijaribu tetrasaikilini. Homa ikashuka, Goreti akaomba uji.

Majibu yalikuja mwaka uliofuata: kidudu kilicholeta homa ile kilikuwa hakijawahi kuonekana popote. Wakubwa wakamtaka apendekeze jina la ugonjwa. Kwa furaha akarudi kijijini kuwaambia kwamba utaitwa Homa ya Nakiwale, na kijiji chao kitajulikana dunia nzima.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Daktari," Felomena akasema taratibu, "tunashukuru, mwanangu umemponya. Lakini ufuta wetu atanunua nani, akisikia umetoka penye ugonjwa? Na hawa mabinti, atawaoa nani?"

"Sikulifikiria hilo, Mama Goreti." Uso ulimshuka. Alikuwa amekuja akidhani amewaletea zawadi.

"Basi lifikirie."

Akalifikiria njia nzima. Alipofika Nachingwea akaandika jina jingine: Homa ya Kupe wa Panya. Mwenzake mmoja wa Dar alimcheka, akamwambia heri angeweka hata jina lake mwenyewe. Kasmiri hakutaka.

Ila huko vijijini jina refu halikukaa mdomoni. Siku moja, miaka ya themanini, mama mmoja wa Ruponda aliingia na mtoto mgongoni, bila kujua anaongea na nani.

"Daktari, nisaidie. Huyu ameshikwa na kasmiri."

Manesi wakaangua kicheko. Daktari naye alicheka mpaka akavua miwani, kisha akamwinua mtoto mkono, akampapasa kwapa.

"Kweli," akasema, "ni mimi huyu."