Jibu Nililompa Sahra

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilikuwa Jumanne. Nilirudi nyumbani kula chakula cha mchana na wenzangu wawili wa ofisini. Nilikuwa karani hapa Garissa, shati jeupe, kalamu mfukoni, na Kiingereza nilichokipata kwa shida shuleni Wajir. Hicho Kiingereza nilijivunia kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho, hata kuliko mke.

Mke wangu aliitwa Sahra. Alikuwa binti wa wafugaji kutoka Buna, na hakuwahi kuketi kwenye dawati mpaka nilipomleta mjini. Mwaka ule alijiandikisha darasa la watu wazima, pamoja na akina mama wengine wa mtaa. Sikumkataza, lakini pia sikumuuliza hata mara moja wamefundishwa nini. Nilikuwa nikimwona anaosha vyombo huku midomo ikicheza, anarudia maneno peke yake.

Ngoja nikueleze jambo moja. Kwetu mtu hasifiwi hivi hivi. Ukimsifu mtoto unatanguliza Mashallah, jicho lisimpate. Ukisifu ngamia wa mtu, mwenyewe atadhani unamtaka. Baba yangu sikumsikia hata siku moja akimwambia mama kwamba chakula kimenoga. Alimaliza sahani, basi, mama akajua. Nimelelewa hivyo. Lakini simsingizii baba, maana yeye hakumcheka mama.

Sasa mwalimu wao, Mwalimu Halima, alikuwa amewapa zoezi: kila mmoja amsifu mtu wa nyumbani kwake kwa Kiingereza, kisha aandike alivyojibiwa. Mimi sikujua.

Tuliketi mkekani, Sahra akaleta wali na nyama ya mbuzi. Hakuondoka. Alisimama karibu na mlango, akaweka shashi yake sawa kichwani, akasema, "Mashallah. Your shirt is fery nice."

Alikuwa amesifu shati langu. Alitamka f mahali pa v, kama tulivyotamka sisi sote kabla ya fimbo za walimu. Wenzangu waliacha kula wakaniangalia. Niliona aibu, na mpaka leo sijui aibu ya nini. Jibu lilikuwa maneno mawili tu, thank you, ambayo kule ofisini niliyasema kutwa nzima kwa watu nisiowajua. Badala yake niliwageukia wenzangu, nikasema kwa sauti, "What do you want now?" Yaani, unataka nini tena?

Walicheka. Sahra naye akatabasamu, akidhani wamefurahi. Aliingia ndani, akatoka na daftari na penseli, akachuchumaa kando yangu.

"Abdi, hiyo maneno sema bolebole. Nataka kuandika."

Hapo Mungu alinipa nafasi ya pili, nami nikaitupa. Nilimtajia herufi moja moja, wenzangu wakijifuta machozi ya kicheko. Aliandika yote. Akaniuliza, "Hii ndio kusema asante?"

"Ndiyo," nikamwambia.

Kesho yake alitoka darasani mapema. Nilipofika jikoni nilimkuta anawashia jiko kurasa za daftari, moja baada ya nyingine.

"Leo hamna masomo?" nikauliza.

"Nimemaliza," akajibu.

Wiki ilipokwisha nilikwenda kwa Mwalimu Halima, mama wa rika la mama yangu, vidole vimejaa chaki. Hakunikaribisha kiti.

"Alisoma kwa sauti kubwa kuliko wote," akasema. "Waliojua maana wakacheka. Nikamwambia, labda ulisikia vibaya. Akasema hapana, mume wangu alinitajia herufi." Akanitazama. "Mimi nimemfundisha miezi minane, wewe mchana mmoja. Somo lako ndilo atakalolikumbuka."

Nilirudi nyumbani nimeazimia kumwomba radhi. Sikumwomba. Nilijiambia yatapita. Naye alipika, alifua, shati lile alilipiga pasi vizuri kama zamani, na kila nilichomuuliza alinijibu. Ila hakunianzia mazungumzo tena. Baada ya miezi kadhaa alikwenda Buna kumwona mama yake aliyekuwa mgonjwa, na hakurudi. Aliyekuja ni kaka yake.

"Shemeji," akasema, "nimekuja kwa amani. Sahra anaomba talaka."

Nikamuuliza: nimempiga? Nimemnyima chakula?

"Hakukushtaki kwa lolote. Anasema tu hana la kuongea na wewe."

Nikaitoa.

Miaka mingi baadaye kazi ilinipeleka Buna. Nilimkuta ana hoteli ndogo ya chai, ana mume, ana watoto wakubwa. Alinisalimu kama anavyosalimiwa mgeni, akanimiminia chai. Nilikuwa nimebeba maneno mengi kifuani, lakini yaliyotoka ni haya tu: "Mashallah, Sahra. Chai yako ni nzuri sana."

"Asante," akasema.

Aliisema bila chuki, kwa adabu, kama anavyomwambia dereva yeyote wa lori, kisha akaenda kumpelekea mteja mwingine sukari. Niliketi nikingoja kitu zaidi. Hakikuwapo. Hapo nilielewa kwamba hakuwa amenikasirikia tena, na kwamba hilo lilikuwa baya kuliko hasira.

Sikuoa tena. Siku hizi nawasikia nyinyi vijana mkisifiana kwa Kiingereza kwenye simu, na wengi wenu mkijibu kwa mzaha na kebehi, na moyo wangu unaanguka. Sidhani mtanisikiliza, mimi nami sikusikiliza. Lakini nitasema. Mtu akikusifu, kwa lugha yoyote, na matamshi yoyote, pokea. Sema thank you, sema asante, sema mahadsanid ya kwetu, uishie hapo. Usitafute anachokitaka nyuma ya maneno yake. Usimsahihishe mbele za watu. Nawe msifu mtu wako wakati bado anangoja kusikia, kwa sababu akishaacha kungoja, sifa zako zote zitapokewa kwa heshima na hazitafika popote.

Mwenyezi Mungu akulainishie ulimi, mwanangu, na akubakishie karibu wale wanaokupenda. Mimi dua hiyo nimeanza kuiomba nyumba ikiwa tupu.