Kofia ya Zambarau na Tofali la Jirani Mgonjwa

Verlene Tubbs alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na mmoja, akazika waume wawili, na mtaani kwetu hapa Toledo hakuna aliyewahi kumwona akiomba hata chumvi. Heshima hiyo aliijenga mwenyewe. Mimi, Odessa, niliibomoa kwa dakika nne, kwa mdomo wangu huu huu.

Kuna majira ya baridi alipopunguzwa kazini. Kila Ijumaa alishuka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, nilikokuwa nikigawa maboksi ya chakula. Alivaa kofia yake ya kanisani, ya zambarau, yenye unyoya wa tausi.

"Namchukulia jirani yangu mgonjwa, Dada Odessa."

"Mwambie apone haraka."

"Nitamwambia. Maharage ya kopo hayapendi, lakini ndiyo hivyo, atachagua nini?"

Jirani huyo sote wawili tulimjua: ndiye aliyesimama mbele yangu na kofia ya zambarau. Alikuja miezi minne, akapata kazi nyingine, akaacha. Sikumwuliza kitu wala sikumwambia mtu. Labda ndilo jambo jema kuliko yote niliyowahi kufanya.

Miaka sita baadaye tulitaka kununua duka la fanicha lililofungwa, tuligeuze kituo cha mtaa: zahanati, chumba cha watoto, ghala la chakula. Benki ilikubali kutukopesha, kwa sharti kwamba wahisani watangulie kutoa dola laki mbili. Mchungaji Haskins akawaalika chakula cha mchana pale ukumbini. Wahisani hawa wakila kuku wetu hutaka na ushuhuda: mtu asimame aeleze alivyokuwa na shida. Mtu wetu wa ushuhuda akaugua asubuhi ile ile.

"Simama wewe, Odessa," Mchungaji akaninong'oneza. "Sema chochote chenye machozi."

"Mimi sina machozi, Mchungaji."

"Basi azima ya mtu."

Nikaazima ya Verlene. Jina sikulitaja, nikajiona mwerevu. Mjinga mimi! Kanisani kwetu tumekaa miaka arobaini tukitazamana visogo. Kofia ya mtu tunaijua kuliko uso wake. Nilipofika kwenye zambarau na unyoya wa tausi, wageni walitoa vitambaa wakafuta macho. Watu wetu wakageuza vichwa, mmoja mmoja, kuelekea mlango wa jikoni.

Verlene alikuwa amesimama pale na sinia la mikate ya mahindi. Kofia ilikuwa kichwani. Siku ya wageni, angevaa nini tena?

Aliweka sinia chini, akaivua, akaitundika msumarini penye aproni. Kisha akahudumia meza zote, kichwa wazi, hadi akafika kwangu.

"Mkate, Dada Odessa?"

"Hapana, asante."

"Kula. Umefanya kazi."

Niliula. Wote.

Pesa zikapatikana. Mchungaji alinikumbatia mbele za watu, nami nikatamani ardhi inimeze. Jioni nilikwenda kwa Verlene. Alizungumza nami nyuma ya mlango wa wavu, bila kuufungua.

"Nisamehe, Verlene. Jina sikulitaja."

"Wametoa?"

"Wametoa."

"Laki mbili zote?"

"Na zaidi kidogo."

"Kumbe nina bei nzuri," akasema, akafunga na mlango wa ndani.

Kofia ile hajaivaa tena. Jumapili huketi mbele yangu na kitambaa cheusi kichwani, nami huimba nikitazama sakafu.

Kabla ya kufungua kituo tuliuza matofali ya njia ya kuingilia, dola hamsini kila moja, mnunuzi achongewe jina lake. Orodha niliandika mimi. Verlene alikuja siku ya mwisho, akaweka noti tatu mezani, zimekunjwa vizuri.

"Niandike Verlene Tubbs?" nikauliza, macho yangu kwenye karatasi.

"Hapana. Andika: Jirani Mgonjwa. Alipona."

Niliandika. Hakuondoka mpaka alipohakikisha nimeandika sawasawa.

Tofali hilo liko hatua mbili tu kutoka mlangoni, na kila asubuhi mimi ndiye ninayelifagia. Wageni hupenda kusimama wakaniuliza jirani huyo ni nani. Huwaambia simjui. Hivyo ndivyo nilivyopaswa kusema siku ile ya ushuhuda.