Vidonge Vilivyomponya Hajji

Wewe unayesoma hii huku unajikuna, usinihurumie. Cheka kidogo, kisha soma hadi mwisho.

Kabla ya haya nilikuwa mwanamume kwelikweli. Nilitoka Busia, upande wa Kenya, nikaja Kampala kuuza matoke katika soko la Kalerwe. Jioni nilisoma shule ya usiku mpaka nikapata cheti cha biashara. Mikungu minne niliibeba kwa mpigo mmoja, lori lenyewe likaona aibu.

Halafu nikaanza kuoza nikiwa hai. Mkojo ukawa mweusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Macho yakageuka njano. Ngozi iliniwasha hata nikajikuna kwa gunzi la mahindi. Asubuhi shuka lilikuwa limegandana na mgongo kwa damu na majimaji, na kulibandua ilikuwa kama kuchunwa. Mtu mmoja akaniletea nyongo ya mbuzi, eti dawa. Niliinywa, ikarudi kwa mdomo na kwa pua. Nilinuka hata nzi walipita mbali.

"Una hepatitisi C, kirusi cha ini," daktari akaniambia. "Tusipoitibu, ini litakuwa gumu kama soli ya kiatu."

Nilianza vidonge pamoja na jirani yangu Hajji Salim, mwenye duka la vitambaa. Kimoja kila asubuhi, kwa miezi mitatu. Tulipopimwa baadaye, Hajji hakuwa na kirusi hata kimoja. Mimi virusi vilikuwa vimejaa tele, vinakula ini langu kama wageni wa harusi.

"Dawa ni ileile, ndugu yangu!" Hajji akanishangaa. "Ama ulikuwa unamezea pombe ya waragi?"

Mke wangu Nafula hakuwa na utani. "Baba Wafula, sema ukweli. Vidonge ulitupa chooni?"

"Nilimeza vyote!"

"Basi mbona bado unanuka?"

Akahamia chumba cha watoto. Nilibaki na mwili wangu, nikiuchukia. Hata mate yangu yalinitia kinyaa. Na ini lilikuwa linakwisha wakati watu wananiita mwongo.

Daktari alichukua damu tena, akaipeleka mbali kuchunguzwa. Majibu yalipokuja alimwita Nafula pia.

"Nyabo, mama, mume wako hajakudanganya. Kirusi hiki kina koo kama watu, na kila ukoo una matawi. Hapa kwetu matawi ni mengi. La Hajji liliuawa na vile vidonge. La huyu linavikwepa."

"Banange! Hata virusi vina ukabila?"

"Vinao. Lakini ini bado linaokoleka. Tunabadilisha dawa."

Nilimeza dawa mpya, Nafula mwenyewe akinipa maji. Miezi mitatu baada ya kumaliza, nikapimwa: hakuna kirusi. Nafula akasema, "Nisamehe, baba." Mimi msomi nilitaka kujibu kwa heshima, nikatapika kwa furaha juu ya viatu vya daktari.

Daktari, asante, na pole kwa viatu. Nawe mgonjwa: dawa ikishindwa, rudi, uliza kirusi chako ni cha tawi gani. Usiazime wembe wala sindano. Sahani na kikombe havina neno, kuleni pamoja.

Na wewe unayelala na mgonjwa, kabla hujamwita mwongo, muulize daktari. Kile kinyaa kilipita. Lile swali la choo ndilo lililochelewa kupona.