Chandarua Mbele ya Rejeta

Mshale wa joto uligusa alama nyekundu kwenye mlima mdogo baada ya Nkowe, mama akiwa kiti cha nyuma na kanga yake mpya. Nikasogea pembeni, nikazima gari. Mvuke ukafuka chini ya boneti, na mama akauliza kama tumefika Nachingwea. Hakuwa anatania. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa anaona mwanga na vivuli tu.

Madaktari wa macho walikuja Nachingwea kwa siku mbili. Siku ya kwanza ndiyo hiyo iliyokuwa inatuishia kando ya barabara. Ikipita na ya pili, hakuna aliyejua watarudi lini. Bodaboda mama alishaikataa tangu imwangushe akavunjika nyonga, na basi halifiki kwake. Kwa hiyo macho ya mama yangu yalitegemea kigari changu kuukuu, na kigari chenyewe kilikuwa kinachemsha kwa wiki ya tatu mfululizo.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, nalisema hili kwa aibu. Nimesimama mbele ya watoto wa watu miaka nenda miaka rudi, chaki mkononi, nikieleza jinsi joto linavyosafiri, halafu gari langu nikalitibu kwa kubahatisha. Nilibadilisha mfuniko wa rejeta. Nikaisafisha rejeta kwa ndani. Fundi mmoja akang'oa kabisa themostati, kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ipate joto, akasema nchi yenyewe ya joto, hiyo ya kazi gani. Maji yalikuwa yamejaa, hayavuji popote, feni inazunguka, na bado kila nikipanda mlima mshale nao unapanda.

Fundi wangu wa siku zote ni mtani wangu. Utani wa makabila yetu ni wa tangu mababu, na yeye anautumia wote bila kubakiza. Kwenye msiba wa mjomba wangu aliingia kaburini kabla ya maiti, akalala humo akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Sijawahi kumsikia akiniita kwa jina la heshima. Mimi ni ajuza wake, basi, hata mbele ya wanafunzi wangu.

Miezi michache kabla ya hapo alinitolea mbegu za nyasi zilizoganda kwenye rejeta, akanishauri nifunge wavu wa waya kwa mbele, maana njia ya kwenda shambani kwa mama ina nyasi zinazopiga boneti. Wavu wa waya sikuupata. Nikakata chandarua cha zamani, nikakifunga vizuri nyuma ya sho, ule uso wa mbele wa gari. Alipokiona alicheka mpaka akakaa chini.

"We ajuza, gari lako linaumwa malaria? Toa hicho chandarua, mgonjwa apumue!"

Nikamjibu kwamba kwao vyandarua wanavulia samaki, ndiyo maana hakijui. Tukacheka, nikaondoka nacho.

Gari lilipoanza kuchemsha, yeye alikuwa Marambo akimuuguza baba yake. Nikampigia simu. Akasema, "Toa chandarua." Nikacheka, nikakata. Wiki iliyofuata nikampigia tena, akasema vilevile, nikamwambia aache mzaha, kuna mambo mazito. Akacheka yeye. Ukishazoea kutukanwa na mtu miaka yote hiyo, humtegemei akuambie jambo la kweli kwenye simu.

Siku hiyo ya mlima tulisubiri injini ipoe, nikaongeza maji, tukajikokota mpaka gereji moja ya Ruangwa. Fundi wa pale, kijana mwenye adabu, aliinama, akasikiliza, akapapasa mipira ya maji, akanyanyuka na uso wa kunipa pole.

"Mama, hapa gasketi ya silinda hedi imeungua. Inabidi tufungue injini."

"Siku ngapi?"

"Tatu. Kama hedi haijapinda."

Mama alikuwa kwenye benchi, mikono mapajani, uso ameuelekeza upande zinakotoka sauti zetu. Alisikia. "Basi turudi nyumbani, mwanangu," akasema. "Giza nimeshalizoea." Nilitaka kupiga kelele. Fundi alikuwa ameshaanza kupanga spana kwenye gunia.

Nikampigia mtani kwa mara ya tatu, nadhani nilitaka tu mtu wa kumfokea. Nikamfokea kweli, nikamwambia habari za madaktari, mama, na injini inayotaka kufunguliwa. Akaniacha nimalize. Halafu akauliza, "Likiwa limesimama linachemsha?"

"Hapana. Nikikimbiza, au mlimani."

"Mafuta ya injini yamekuwa kama chai ya maziwa? Ekzosi inatoa moshi mweupe?"

Nikamuuliza kijana. Akachomoa kijiti cha kupimia, akanionyesha mafuta: meusi tu, hayajachanganyika na maji. Moshi mweupe haukuwepo.

"Basi gasketi haina kosa," akasema. "Maji yanazunguka, ila upepo haupiti. Mwalimu, sikutanii. Toa chandarua."

Aliponiita Mwalimu, nilimwamini.

Nilipiga magoti mbele ya gari na gauni langu nililovaa kwa ajili ya hospitali. Kwa juu chandarua hakikuonekana. Kilikuwa na rangi ya vumbi kama kila kitu kingine mle ndani. Nilipopitisha mkono nikagusa kitu kigumu. Vumbi la barabara na makapi ya ufuta, maana ulikuwa msimu wa kupiga ufuta kila uwanja, vilikuwa vimeshikana kwenye vile vitundu vidogo mpaka chandarua kimekuwa ukuta. Nikakikata kwa kisu cha kijana yule. Makapi yakamwagika magotini pangu. Kijana akatazama kile kitambaa, akanitazama mimi, kisha kwa adabu zake zote akageuka pembeni kucheka.

Tuliondoka Ruangwa jua bado liko juu. Sikuitazama barabara kama nilivyoutazama mshale. Mlima wa kwanza, mshale ukapanda mpaka katikati, ukatulia. Wa pili, katikati. Wa tatu nikaanza kuimba, na mimi si mwimbaji. Mama akaniambia nipunguze, nitamtia na uziwi. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, ya mtu aliyepona ugonjwa aliojiletea mwenyewe.

Tulifika foleni ya siku hiyo imeshafungwa; kesho yake alfajiri tulikuwa wa nne. Walimfanyia upasuaji wa jicho la kulia, wakalifunga, wakatuambia turudi asubuhi inayofuata.

Asubuhi hiyo muuguzi alibandua bandeji taratibu. Mama akapepesa. Akamtazama muuguzi, akatazama dirisha, akatazama mikono yake mwenyewe pande zote mbili. Kisha akanigeukia, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Umekonda," akasema. "Na mvi zote hizi. Kila siku nakuuliza, unaniambia uko mzima."

Miaka miwili nilikuwa nampa sauti tu, na sauti nilijua kuipanga. Akaniambia nisogee karibu na dirisha, anitazame vizuri.