Simu ya Mama Zawadi na Mifumo Niliyoilinda

Siku yangu ya kwanza kazini, bosi aliua kompyuta mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni huku nalea watoto watatu, nikapata kazi kwenye kitengo kilichohudumia kompyuta za shule, kule Jordbro, huku Uswidi. Mkuu wa kitengo, Mswidi mrefu asiyecheka, alichukua laptopu kuukuu ya Windows, akaitoa kwenye mtandao, akafungua barua pepe yenye virusi aliyoitunza makusudi. Mafaili yakaanza kubadilika majina, moja baada ya jingine, na hakuna lililofunguka tena.

"Yesu wangu!" nikasema kwa Kiswahili.

"Sijui umesema nini," akanijibu, "lakini kila mtu husema hivyo hivyo."

Ndipo akanifundisha. Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoamua nani afanye nini ndani ya mashine. Windows inashambuliwa sana kwa kuwa inatumiwa na watu wengi, na wezi wanafuata walipo watu. Siku hizi inakuja na kinga yake ndani, tena nzuri. Shida yetu ilikuwa walimu kufanya kazi zao zote kama wasimamizi, yaani watu wenye ruhusa ya kuweka programu yoyote. Virusi vikiingia hapo vinapata ruhusa ile ile. Tukawanyang'anya ruhusa hiyo. Weee, walivyonuna!

"Kwani mimi mtoto?" mwalimu mmoja akaniuliza.

"Hapana," bosi akadakia. "Watoto hawafungui kila barua pepe."

Walimu wa sanaa na Mac zao walijiona wako salama kabisa. Kweli, Mac inakagua kama programu ina sahihi ya aliyeitengeneza, na inauliza nywila kabla ya kugusa mambo mazito. Ila nimesafisha Mac kwa mikono hii hii, mwenyewe kaandika nywila yake kwa hiari, kisa video za bure. Seva zetu, kompyuta zinazohudumia nyingine, zilitumia mfumo wa Linux. Huko programu zinachukuliwa kwenye ghala moja linaloaminika, na mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kugusa ndani. Lakini Linux nayo ukiacha kuisasisha, inavunjwa tu.

Baadaye nikahamishiwa Rissne, kwenye simu za wahudumu wa wazee. Mkuu wangu wa huko alikuwa mama mmoja mkali, anaongea huku anatembea. Alinieleza kwamba kwenye iPhone kila programu imefungiwa chumba chake, na karibu zote zinatoka duka moja. Android nayo ina vyumba, ila inakuruhusu kuleta programu kutoka nje ya duka, mradi uyakubali maonyo yake.

"Sasa nani atayakubali?" nikamuuliza.

"Yeyote aliyeshika simu yako ikiwa wazi."

Kanisani kwetu, Tumba, niliimba kwaya na Mama Zawadi, Mkongo, mpole mno. Alikuwa amemkimbia mume aliyekuwa anampiga, na serikali ilikuwa imeificha anwani yake. Mchana mmoja akanipigia kazini, anapumua kama aliyekimbia. Mume alikuwa amesimama chini, mlangoni pa jengo lake. Polisi walikuja wakamwondoa.

"Dada, bwana iko anajua fasi yote ninaenda, kila mahali," aliniambia alipofika ofisini kwetu. "Ni nani ananiuza?"

Mkuu wangu wa Rissne akaniruhusu niikague simu yake, Android. Ruhusa ya kuleta programu kutoka nje ilikuwa imewashwa. Ndani kulikuwa na programu isiyo na picha kwenye skrini, imejipa jina la kawaida kama sehemu ya mfumo. Ilikuwa inaona mahali alipo, inasoma meseji zake, inasikiliza maikrofoni. Nikataka kuifuta pale pale.

Mkuu akanishika mkono. "Acha! Ukiifuta, mume atajua tumeiona, na polisi watakosa ushahidi."

Simu ikaenda polisi, Mama Zawadi akapewa mpya. Ila kabla ya kuitoa nilikuwa nimeona siku programu ilipowekwa: Jumapili, saa zetu za maombi.

Sasa, kanisani kwetu kabla ya maombi simu zote zinaingia kwenye kapu, bila kufungwa kwa namba, ili shemasi aweze kuinyamazisha itakayolia. Hakuna aliyewahi kushtuka. Ni shemasi! Anafunga kula kwa ajili yetu.

Nikamfuata baada ya ibada, pale kwenye chai na mandazi.

"Shemasi, uliishika simu ya Mama Zawadi?"

Hata hakujificha. "Eeh, sister. Bwanake alinitumia link akaniomba niweke. Si alisema tu anataka kujua kama mama watoto amefika home salama? Mimi nilikuwa nasaidia ndoa."

"Na simu haikukuonya?"

"Ilinionya, tena mara mingi. Nikabonyeza tu kubali, kubali."

Nikakiweka kikombe chini. Mfumo ulifanya kazi yake, ulipiga kelele, na mtu wa Mungu akauambia unyamaze. Nilipomweleza yaliyotokea mlangoni kwa yule mama, akakaa chini. Tulikwenda naye polisi, analia ndani ya treni mpaka watu wakahama viti.

Kitengo chetu kimefungwa sasa, na mimi nimestaafu kabla ya umri. Vijana wananiuliza mfumo gani ni salama. Nawaambia wasasishe, wasifanye kazi kama wasimamizi, na simu iliyo wazi wasimpe mtu, hata akiwa ameshika Biblia.

Mama Zawadi alihamishwa tena. Ananipigia kwa namba iliyofichwa. Juzi alikuwa na furaha, anacheka.

"Dada, huku kuko ziwa! Kwa dirisha naona maji. Fasi yenyewe wanaita—"

"Usiniambie," nikamkatiza.

Akasema taratibu, "Ndiyo, dada."

Tukaomba pamoja kwenye simu. Nikaiombea nyumba yake, na sijui iko upande gani wa nchi hii.