Rangi ya Chumba cha Mama

Mama yangu hakuwa amewahi kulala kwangu. Tangu niolewe huku Kibwezi, kila alipokuja kutoka Nunguni alikunywa chai, akaangalia jua, akashika kiondo chake. Si kwamba tulikuwa na deni la mila. Mbuzi wa mahari walishafika wote. Ni nthoni tu, ile haya yetu Wakamba kati ya mama mkwe na mume wa binti yake: wasalimiane kwa mbali, wasishikane mikono, wasipishane penye njia nyembamba. Siku hizi wengi wameilegeza. Mama yangu ameikaza. Nami nilikuwa nimechoka kuwa na mama wa kikombe kimoja cha chai.

Mwaka huu nilimbembeleza mpaka akasema atakuja Jumamosi, na mambo ya kulala "tutaona". Kwa mama yangu, hiyo ni karibu ndiyo. Nikataka chumba cha wageni kipakwe rangi. Mume wangu akasema fundi wa nini, kwani yeye hana mikono? Mikono anayo, sikatai.

Ijumaa asubuhi alihamishia kitanda, kabati na magodoro yote sebuleni, ikabaki njia moja tu ya kupita, kando ya kochi. Kisha, ili asichafue nguo, akavua shati na suruali, akavaa dera langu kuukuu la maua, lililopasuka kwapani, na kilemba changu kichwani. Mzee wa kanisa huyo! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akaniambia nimpishe, watu wana kazi.

Rangi aliyonunua ilikuwa ya mafuta, ile inayong'aa. Alianza na fremu ya mlango upande wa sebuleni, akaingia ndani, akajifungia, akapaka huku akiimba pambio. Nilipomwuliza mbona hakupiga msasa kwanza, alisema ukuta haunyolewi.

Ndipo nikasikia hodi. Mama! Siku moja mapema. Jirani yake alikuwa analeta kabeji sokoni Kibwezi, naye akaona lifti ya bure haikataliwi. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameketi kwenye kochi, magoti yameziba ile njia moja, kiondo mapajani. Nyuma ya mlango, pambio likakatika katikati.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wetu alikuwa amefungiwa na harufu ya rangi, amevaa dera, madirisha yana vyuma, suruali yake iko sebuleni chini ya magodoro. Ningemwambia mama ainuke? Mama yangu akiinuka hukumbuka nyumbani. Nikamchagua mama. Mume angevumilia.

"Mzee wako ako wapi?" mama akauliza.

"Anapaka rangi, mwaitu," nikajibu, maana ndivyo tumwitavyo mama kwetu. "Huko ndani."

"Mwambie nimemsalimia."

Mlango wenyewe ungeweza kuguswa kwa mkono. "Mama anakusalimia," nikasema.

"Mwambie asante sana, na karibu," ikajibu sauti ya mtu aliye ndani ya debe.

"Anasema asante, na karibu."

"Nimekaribia. Mwambie apake akitoka juu akishuka. Nasikia brashi ikipanda."

"Mama anasema upake ukishuka."

"Mwambie nashuka."

"Anashuka, mwaitu."

Mama hakujibu neno lolote mpaka nilipolirudia, ingawa kila mmoja wetu alikuwa amelisikia. Hivyo ndivyo chai ilivyonyweka, nami mkalimani wa watu wawili wa lugha moja, hasira zinanipanda. Ndani kikohozi kikaanza, kikafuatwa na chafya.

"Mwambie mama," sauti ikasema kwa unyonge, "naomba njia."

Hilo sikulipeleka. Nilijua likifika, kiondo kitainuka, na sijui ningembembeleza tena kwa maneno gani. Nilitazama sakafu, machozi yakinilenga.

Mama akaweka kikombe chini, akasimama. Nikasema moyoni, basi, ameenda. Lakini aligeukia ukuta, akajifunika leso kichwani. "Mwambie apite. Mimi siko."

Mlango ukafunguka. Dera likapita mbio, likagonga kabati, likatokea nje, na mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Mabega ya mama yalikuwa yanatetemeka. Nilidhani analia kwa aibu. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka akaishiwa nguvu, akaegemea fremu ya mlango. Ile fremu mbichi.

Gauni lake la kanisa lilibanduka pale kwa sauti, likiwa na mstari wa rangi ya maziwa toka begani hadi kiunoni.

"Mwambie asisugue!" mume wangu akapiga kelele kutoka uani. "Inaenea!"

Mama alijifuta macho, akachungulia chumbani. Kuta zilikuwa na michirizi, na kona moja haikuwa imeguswa kabisa.

"Hiki ndicho chumba changu?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Ni kibaya sana." Akanipa kiondo nikiweke. "Nitafutie nguo, siwezi panda gari nikiwa hivi. Na mwambie hiyo kona aachane nayo. Nitaipaka mwenyewe kesho."

Kesho, alisema. Nikatoka nje kumpelekea mume wangu habari. Nilipomfikia nilikuwa nalia sana, na maskini akadhani mama ameondoka.