Wazee Ambao Hawajazaliwa

Fan Jui-mei alikuwa karani wa kijiji cha Shuiwei tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii, na kazi yake, ukiivua mapambo yote, ilikuwa kujua nani anaishi wapi. Dhoruba ikikaribia, yeye ndiye aliyepanda bondeni na pikipiki, koti la mvua limemganda mwilini, akiwabembeleza wazee wateremke shuleni kabla mto haujafura. Wengine walimfukuza. Mmoja alimrushia ndala.

Kwa hiyo kile kigeuzi kipya cha mafaili alikipenda, na nani angemlaumu? Unalichukua faili la zamani lililolala kwenye kompyuta ya ofisi, unalitupia humo, unabonyeza, na kufumba na kufumbua limekuwa jedwali la mtandaoni ambalo dereva, muuguzi na zimamoto wanaliona kwenye simu zao. Lenyewe linapiga hesabu ya umri, lenyewe linachagua wakongwe wa kubebwa kwanza. Jui-mei alibonyeza, akaona majina yamejipanga vizuri, akaenda kumwashia udi Babu Mlinzi wa Ardhi, mungu mdogo wa kijiji, pale njia panda. Kuyakagua, hakuyakagua. Haraka haraka haina baraka, lakini haraka ya mashine tunaiita maendeleo.

Siku ya dhoruba mvua ilianza asubuhi na haikupumua. Peng, dereva aliyeletwa kutoka wilayani, alikwisharudi na gari limejaa, na Jui-mei alikuwa ukumbini shuleni akigawa mablanketi, alipoingia Shangazi A-kin akifoka.

"Jui-mei, huyu dereva wako kanisomea simuni kwake eti nina miaka tisini na miwili. Mimi? Ndiyo maana kanibeba mgongoni kama gunia la viazi."

"Kubali tu, Shangazi," Peng alisema. "Uzito wenyewe ni wa miaka tisini."

"Nimezaliwa mwaka wa thelathini na tatu, mbuzi wewe. Hata themanini na mbili sijafika."

Ukumbi mzima ukacheka. Jui-mei naye alicheka, kisha akaanza kuhesabu.

Mwaka wa thelathini na tatu. Huku kwetu miaka tunaihesabu tangu Jamhuri yetu ianze, na hata mtoto wa darasa la kwanza anajua kuongeza elfu moja mia tisa kumi na moja apate mwaka wa dunia: wa A-kin ni elfu moja mia tisa arobaini na nne. Kigeuzi hakijui. Kilipokuta thelathini na tatu kilisoma elfu moja mia tisa thelathini na tatu, kikamzeesha A-kin wa watu. Hilo ni la kuchekesha. Lakini waliozaliwa kabla ya mwaka wa thelathini, wakongwe wenyewe, kiliwasomaje?

Baba yake alizaliwa mwaka wa ishirini na nane.

Alilifungua jedwali. Mzee Fan hakuwemo kati ya wa kubebwa. Alimkuta chini kabisa, kwenye mabaki, kwa kuwa kila mwaka ulio chini ya thelathini mashine iliusoma kuwa wa karne hii: amezaliwa elfu mbili na ishirini na nane, umri hasi tatu. Waliomzunguka ni wazee wote wakubwa wa bonde la juu, mmoja baada ya mwingine, na kwa mashine hakuna hata mmoja aliyekwisha kuzaliwa.

"Peng, huko juu hukumwona mzee mwenye kofia ya majani?"

"Alisimama barabarani na begi lake na chupa ya figili za chumvi," Peng alisema. "Nikamwambia hayumo, simu inasema bado hajazaliwa, asubiri zamu yake. Hakubisha. Alisema binti yake ndiye anayepanga, hawezi kukosea."

Jui-mei alitamani ardhi immeze. Alimrushia Peng ufunguo wa gari uliokuwa mezani, na Peng akatoka mbio. Yeye akaketi, akairekebisha safu ile ya miaka huku simu iko sikioni.

"Baba."

"Usipige kelele, nasikia. Tumekaa kwangu, hapa ni juu kidogo. A-tien yupo, bibi wa Liu yupo, wote tulioachwa. Tunakula figili." Nyuma yake kulikuwa na mngurumo ambao haukuwa wa mvua. "Dereva alisema kwa serikali mimi bado sijazaliwa. Mama yako angecheka huyo."

"Nimekurekebisha, Baba. Sasa uko wa kwanza."

"Wa kwanza. Haya. Basi gari liko wapi?"

Peng alikuwa amekwisharudi. Alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika, ufunguo bado mkononi, akatikisa kichwa.

"Daraja," alisema taratibu. "Limekwenda lote."

Kwenye simu ya Peng jina la Mzee Fan lilikuwa juu kabisa, umri themanini na sita, sahihi.

Jui-mei hakuwahi kumdanganya baba yake, hata utotoni.

"Linakuja, Baba," alisema. "Kaeni pamoja."